UFUGAJI: Aina ya wanga huamua ukuaji wa vivinimbi

WAFUGAJI wengi wa nguruwe humpa kivinimbi, yaani mtoto wa nguruwe, chakula kile kile anacholishwa mamake pindi tu anapoachishwa kunyonya. Siku mbili tatu baadaye vivinimbi huanza kuhara, mbavu huonekana, nywele husimama na baadhi yao hufa.

Lawama huelekezwa kwa baridi, uchafu wa banda au mbegu mbaya. Sababu hizo zaweza kuchangia. Hata hivyo, mara nyingi chanzo kimo kihorini: kabohaidreti iliyo katika chakula haikulingana na uwezo wa tumbo la mnyama huyo mchanga.

Kabohaidreti ndiyo sehemu kubwa kuliko zote ya lishe ya nguruwe. Ndani yake mna sukari, wanga na nyuzinyuzi, na kutokana nayo mnyama hupata nguvu za kukua na kujikinga na baridi.

Kwa nguruwe mkubwa, vyanzo vingi vya kabohaidreti hutoa nguvu zinazokaribiana, kilo kwa kilo, vikiwa vikavu. Kwa kivinimbi wa wiki nne mambo ni tofauti kabisa. Anachokula si muhimu kama kile ambacho tumbo lake laweza kusaga.

Tumbo lililoumbiwa maziwa

Kivinimbi huzaliwa akiwa tayari kwa chakula kimoja tu, nacho ni maziwa ya mamake. Maji yakiondolewa katika maziwa hayo, takriban robo ya kinachobaki ni laktosi, yaani sukari ya maziwa.

Kimeng'enya kinachovunja laktosi hupatikana kwa wingi utumboni tangu siku ya kwanza. Vimeng'enya vinavyovunja wanga na sukari ya kawaida ni haba mno wakati huo, na huongezeka polepole kadiri mnyama anavyokua na kuzoea kula vyakula vikavu.

Majaribio yaliyofanywa Marekani katika miaka ya 1950 yalidhihirisha jambo hili. Vivinimbi wachanga waliopewa maziwa ya kutengenezwa yenye sukari ya mezani au sukari ya matunda walihara na kukonda, na wengine wakafa. Waliopewa laktosi au glukosi waliendelea vyema.

Baada ya wiki ya tatu hali huanza kugeuka. Kimeng'enya cha laktosi hupungua, huku vile vya wanga vikipanda. Mageuzi haya hayakamiliki kwa siku moja, na ni katikati ya safari hiyo ambapo mfugaji humtenga kivinimbi na mamake.

Mashamba makubwa ya kibiashara huwaachisha vivinimbi kunyonya wakiwa na umri wa wiki tatu au nne. Wafugaji wadogo wengi husubiri wiki tano hadi nane. Kadiri mnyama anavyotengwa mapema ndivyo chanzo cha wanga wake kinavyokuwa na uzito zaidi.

Kinachotokea baada ya kutengwa

Kivinimbi aliyetengwa na mamake mara nyingi hukaa siku nzima au zaidi bila kula chochote cha maana. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijidole vidogo vidogo ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vijidole hivyo hulishwa na chakula kinachopita, na kinapokosekana hunywea na kuwa vifupi katika muda wa siku chache.

Njaa ikizidi, kivinimbi hula kwa pupa. Wanga na protini ambazo hazikusagwa huteremka hadi utumbo mpana. Huko bakteria huvichachusha, maji huvutwa kuingia utumboni, na kuhara huanza. Bakteria wa aina ya Escherichia coli hustawi sana katika mazingira hayo.

Tatizo la pili ni asidi. Tumbo la kivinimbi bado halitoi asidi ya kutosha kuua viini. Anaponyonya, bakteria wazuri hugeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo humlinda. Laktosi ikikatizwa ghafla, ngao hiyo nayo huondoka.

Sukari ya maziwa yaongoza

Kwa sababu hizo, wataalamu wa lishe ya nguruwe hukiweka laktosi mbele ya vyanzo vingine vyote katika siku za kwanza baada ya kuachishwa kunyonya. Mapendekezo ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani yaliyotolewa mwaka wa 2012 yanakadiria kwamba chakula cha kivinimbi wa kilo 5 hadi 7 kiwe na laktosi asilimia 20, na cha yule wa kilo 7 hadi 11 asilimia 10. Baada ya hapo faida yake hupungua sana.

Katika mataifa yenye viwanda vikubwa vya maziwa, laktosi hiyo hutoka katika unga wa maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Takriban asilimia 70 ya unga huo ni laktosi. Humu nchini unga huo ni ghali kwa mfugaji wa kawaida, lakini kuna njia mbadala.

Maziwa ya ng'ombe, maziwa yaliyoondolewa malai na maji ya jibini yote yana laktosi inayokaribia asilimia 5. Maziwa lala yana kiasi kidogo kidogo kuliko hicho kwa kuwa sehemu yake imekwisha kugeuka asidi, jambo ambalo si hasara kwa kivinimbi.

Hesabu yake ni rahisi. Kivinimbi anayekula gramu 200 za chakula kwa siku, akitakiwa kupata laktosi ya asilimia 15, anahitaji gramu 30 za laktosi. Kiasi hicho kimo katika maziwa yasiyozidi sana nusu lita. Vivinimbi kumi watahitaji takriban lita sita kwa siku.

Gharama hiyo yaweza kumshtua mfugaji. Ni ya wiki moja au mbili pekee, na maziwa yasiyouzika au maji ya jibini yanayomwagwa na watengenezaji yaweza kuipunguza sana. Maziwa ya aina hiyo yachemshwe kwanza, kisha yapewe wanyama siku hiyo hiyo.

Mahindi: Mabichi au yaliyopikwa?

Mahindi ndiyo nguzo ya chakula cha nguruwe nchini Kenya. Yana wanga mwingi, nyuzinyuzi chache na ladha ambayo nguruwe huipenda. Hata hivyo, chembe za wanga mbichi zimejifunga kwa ugumu, na vimeng'enya vichache vya kivinimbi huchelewa kuzivunja.

Wanga unapopashwa moto pamoja na maji, chembe hizo hufura na kufunguka. Ndiyo sababu viwanda vya chakula cha vivinimbi hupika nafaka kwa mvuke au kuzipitisha katika mashine zenye joto na shinikizo kubwa.

Mfugaji mdogo aweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kupika uji mzito wa mahindi. Uji upoe hadi uwe vuguvugu, kisha uchanganywe na soya iliyokaangwa, madini na vitamini. Vitamini zikipikwa pamoja na uji, baadhi yake huharibika.

Uji usilazwe hadi kesho yake. Sehemu ya wanga uliopikwa ukipoa na kukaa hurudia ugumu, na uji wenyewe huchacha na kuvutia nzi.

Kusaga nako kuna uzito wake. Unga laini husagika tumboni upesi kuliko mahindi yaliyoparazwa tu. Lakini unga ulio kama vumbi huwasababishia nguruwe vidonda vya tumbo, hivyo ulaini wa kadiri ndio unaofaa.

Mchele umefanyiwa utafiti mwingi. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia, waligundua kwamba nguruwe waliolishwa mchele mweupe uliopikwa pamoja na protini ya wanyama walikingika dhidi ya ugonjwa wa kuhara damu. Chakula hicho kilisagwa karibu chote katika utumbo mwembamba, na bakteria wa utumbo mpana wakakosa cha kuchachusha.

Majaribio ya Hispania nayo yalionyesha kwamba vivinimbi hula zaidi na kusaga vizuri zaidi wanapopewa mchele badala ya mahindi. Kwa bei za humu nchini mchele mzima hauwezi kulishwa nguruwe. Chenga zinazobaki viwandani baada ya kukoboa, kama zile za eneo la Mwea, zaweza kufikiriwa zinapopatikana kwa bei nafuu.

Mtama mweupe hukaribia mahindi kwa nguvu. Mtama mwekundu usiopendwa na ndege una tanini nyingi, na tanini hushikamana na protini na kuizuia isisagwe. Vivinimbi wasipewe mtama huo. Ngano ni nzuri, tena ina protini kuliko mahindi. Shayiri ina maganda na nyuzinyuzi za kunata, hivyo itumike kwa kiasi kidogo.

Muhogo, viazi na ndizi

Katika maeneo ya Magharibi, Nyanza na Pwani, muhogo na viazi vitamu ni rahisi kupata kuliko mahindi. Muhogo mkavu una wanga mwingi hata kuliko mahindi, na wanga wake husagika vyema. Matatizo yake ni matatu: protini ni kidogo mno, vumbi lake huwakera wanyama, na aina chungu zina sumu ya sianidi.

Sumu hiyo hupungua muhogo unapomenywa, ukakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani hadi ukauke kabisa. Kuulowesha kabla ya kuuanika husaidia zaidi. Vivinimbi wasipewe kamwe muhogo mchungu ukiwa mbichi.

Viazi vitamu vibichi vina viini vinavyozuia usagaji wa protini, na kuvipika huviondolea nguvu viini hivyo. Viazi mviringo ni vigumu zaidi. Wanga wake mbichi hupita utumbo mwembamba wa nguruwe bila kusagwa vya kutosha, na vilivyogeuka kijani vina sumu. Vipikwe, na maji yake yamwagwe.

Ndizi mbichi zina tanini pamoja na wanga usiosagika kwa urahisi. Zilizoiva huliwa kwa hamu, lakini zisiwe chakula kikuu cha mnyama mchanga.

Vyakula hivi vyote, vikiwa havijakaushwa, vina kasoro moja kubwa zaidi. Takriban asilimia 70 ya kiazi kitamu ni maji. Ili kupata nguvu za kilo moja ya mahindi, nguruwe hana budi kula kilo tatu au zaidi za viazi. Nguruwe jike mkubwa anao uwezo huo. Kivinimbi wa kilo 10 hushiba maji kabla hajapata nguvu anazohitaji.

Majaribio yaliyofanywa Uganda yalidhihirisha jambo hilo. Nguruwe wachanga waliolishwa majani au lishe iliyovundikwa ya mashina ya viazi vitamu walikua polepole mno wakilinganishwa na wenzao waliopewa chakula kamili cha kununua. Lishe za aina hiyo zina nafasi yake, lakini ni mnyama anapokuwa mkubwa.

Pumba na machicha

Pumba za ngano na za mahindi ndizo kishawishi kikubwa kwa mfugaji kwa sababu ya bei. Pumba zina nyuzinyuzi nyingi, na kivinimbi hana vimeng'enya vya kuzivunja. Huzijaza tumbo, naye huacha kula kabla ya kupata nguvu za kutosha.

Machicha ya pombe yana upungufu kama huo. Wanga wa shayiri umekwisha kutolewa na kugeuzwa pombe, na kilichobaki ni maji, nyuzinyuzi na protini. Yanamfaa nguruwe mzima, si kivinimbi.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba nyuzinyuzi zote ni adui. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba kuongeza maganda ya oti kwa kiasi cha asilimia 2 katika chakula cha mchele kulipunguza kuhara. Watafiti wa Barcelona walipata matokeo yanayoelekea huko kwa pumba za ngano za kiasi cha asilimia 4.

Tofauti imo katika kiasi na aina. Nyuzinyuzi kavu zisizonata, zikiwa kidogo, husukuma chakula na kuzuia viini kushika kuta za utumbo. Zikizidi, au zikiwa za kunata, humdhuru mnyama. Mfugaji anayetia pumba nusu kwa nusu katika chakula cha kivinimbi amepita kiasi mara nyingi.

Molasi na mabaki ya hotelini

Molasi huongeza ladha na kupunguza vumbi. Lakini karibu nusu yake ni sukari, tena ina madini ya potasiamu kwa wingi, hivyo hulainisha kinyesi. Kwa vivinimbi isizidi vijiko vichache katika kilo ya chakula.

Mabaki ya hotelini kama wali, ugali na chapati yana wanga uliokwisha kupikwa, na kwa upande huo ni mazuri. Hatari yake ni chumvi, mafuta yaliyooza na magonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kisayansi mara ya kwanza humu Kenya mwaka wa 1921, yaweza kuenezwa na mabaki yenye nyama ya nguruwe. Haina tiba. Mabaki yote yachemshwe kwa angalau nusu saa kabla ya kulishwa.

Tahadhari ya sumukuvu

Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kumlisha kivinimbi, hata yawe ya bure. Nguruwe ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika sana na sumukuvu ya aflatoksini, na wachanga huathirika zaidi. Sumu hiyo huharibu ini, hupunguza hamu ya kula na kudhoofisha kinga ya mwili.

Wakenya wanaijua sumu hiyo vyema. Mwaka wa 2004 iliua watu 125 katika maeneo ya mashariki mwa nchi waliokula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Kupika hakuiondoi, na desturi ya kuwatupia nguruwe nafaka ambayo binadamu ameikataa ni kuhamisha hasara tu.

Wanga pekee haujengi mwili

Nguvu zitokazo katika wanga hutumika kujenga misuli ikiwa tu protini ipo. Kilo moja ya mahindi ina takriban gramu 2.5 za laisini, ilhali kilo moja ya chakula cha kivinimbi inapaswa kuwa na zaidi ya gramu 12. Muhogo na viazi vina laisini kidogo hata zaidi.

Anayebadilisha mahindi kwa muhogo hana budi kuongeza soya au samaki. Soya ikaangwe au ipikwe, kwa kuwa ikiwa mbichi huzuia usagaji. Omena wapembuliwe mchanga. Maji safi yawepo wakati wote, kwani kivinimbi asiyekunywa hali.

Mpangilio unaofaa

Kuanzia siku ya 7 hadi ya 10 tangu kuzaliwa, vivinimbi wawekewe chakula kidogo laini mahali ambapo mama hafiki. Kiasi watakachokula ni kidogo, lakini huzoesha tumbo kutoa vimeng'enya vya wanga.

Katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachishwa kunyonya, chakula kiwe na laktosi pamoja na nafaka iliyopikwa. Kigawanywe mara tano au sita kwa siku kwa vipimo vidogo ili kuzuia pupa.

Katika wiki ya tatu na ya nne, maziwa yapunguzwe hatua kwa hatua, na mahindi mabichi yaliyosagwa yachukue nafasi ya uji. Kila badiliko lichukue siku nne hadi saba.

Nguruwe anapofikisha kilo 20 hadi 25, muhogo mkavu, viazi vilivyopikwa na pumba kiasi vyaweza kuongezwa. Nguruwe wakubwa na majike wenye mimba ndio wanaostahili pumba na machicha kwa wingi.

Wafugaji wengine huruka hatua hizi na kutegemea dawa za kuua bakteria kila kivinimbi anapohara. Njia hiyo inafungwa polepole duniani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa hizo kama vichocheo vya ukuaji kuanzia Januari 2006, na mwaka wa 2022 ukakomesha pia matumizi ya zinki oksaidi kama dawa ya kuhara kwa vivinimbi. Dawa zikitumiwa ovyo, viini huzizoea, kisha hushindwa kutibu wanyama na hata watu.

Hesabu ya mfukoni

Chakula hugharimu zaidi ya nusu ya fedha zote zinazotumika katika ufugaji wa nguruwe. Ndiyo maana mfugaji huvutwa na gunia la bei ya chini. Lakini bei ya gunia si kipimo. Kipimo ni gharama ya kila kilo ya uzito inayoongezeka.

Tuchukue mfano. Chakula cha kwanza kinauzwa Sh40 kwa kilo, na kivinimbi anahitaji kilo 3.5 ili kuongeza kilo moja ya uzito. Gharama ni Sh140. Chakula cha pili kinauzwa Sh70, lakini kilo 1.8 zatosha kuongeza kilo hiyo moja. Gharama ni Sh126.

Isitoshe, kivinimbi anayeongeza gramu 200 kwa siku huchukua siku 60 kutoka kilo 8 hadi 20. Anayeongeza gramu 400 huchukua siku 30. Huo ni mwezi mzima wa chakula, kazi na nafasi ya banda uliookolewa, mbali na wale ambao hawakufa.

Mfugaji asiye na hakika na apime. Awatenge vivinimbi wa uzao mmoja katika makundi mawili, awalishe vyakula viwili tofauti, awapime kwa mizani kila wiki na kuandika. Baada ya wiki nne daftari litamwambia ni wanga upi unaomfaa, kwa bei za soko lake mwenyewe.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nguruwe aliyedumaa katika wiki zake za kwanza ni shida kumfidia baadaye, hata akimwagiwa mahindi gunia kwa gunia.